Mpima Meza ya Wagomvi

Kisiwa chenyewe hakina haja ya kutajwa jina, na hata ukilitaja utagombana na mtu, maana wa upande wa juu wanakiita hivi, wa upande wa chini wanakiita vile, na kila mmoja akisikia jina la mwenzake anashikwa na kiungulia. Yatosha kujua kwamba waya wa miiba umekipasua katikati kwa miaka arobaini kasoro miwili, na kwamba mwezi wa tano wa mwaka 2014 wakubwa wa pande zote mbili walipanda ndege wakaja Doha kupatanishwa. Walifikia hoteli moja ya kifahari kule Pearl, na katika hoteli hiyo mtandika meza alikuwa Fabian Onyango.

Pearl nayo ni kisiwa, lakini cha kumwagwa. Watu walileta mchanga, wakamwaga baharini, wakajenga juu yake majumba na maduka ya saa za dhahabu. Nyaboke, mama wa Kisii aliyesimamia chai na kahawa katika kumbi za mikutano, alisimama dirishani siku ya kwanza na trei yake ya vikombe, akatazama nje, akasema, "Si hawa nao wamwagiwe kingine tu? Kila mtu achukue chake, twende nyumbani."

Fabian alicheka. Siku hiyo bado alikuwa mtu wa kucheka. Mazungumzo yalikuwa ya siku nne, Jumapili hadi Jumatano, na yeye Ijumaa angepanda ndege. Likizo ilikuwa imeshatiwa sahihi. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kutoka nchini, ambacho miaka hiyo hukuweza kutia mguu uwanja wa ndege bila hicho, na mudir wa kumbi, Mlebanoni mmoja mwenye harufu nzuri, alikuwa ameahidi kukiomba kwa kafili, mwajiri aliyewadhamini kuingia nchini, mara tu wageni watakapoondoka.

Safari yenyewe haikuwa ya kwenda kunywa uji. Kwao Seme, kwa Wajaluo, mwanamume hajitokei tu kwa baba yake akaenda kujenga popote kama mtu anayepiga hema. Baba humtoa. Asubuhi baba hutangulia mbele hadi mahali palipochaguliwa, mwenye boma jipya anafuata na shoka, mtoto wake wa kwanza na jogoo, mke na moto, na nyumba husimama siku hiyo hiyo wakalala ndani. Fabian alikuwa na miaka arobaini na mmoja, ana watoto watatu, na kila akienda likizo bado alilala katika kibanda cha ujana pale langoni kwa baba yake, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Nyuma yake alikuwapo Laban, mdogo wake, ambaye hakuweza kumruka kaka. Laban alikuwa amekata nguzo zake tangu mwaka juzi, anangoja.

Na baba alikuwa na sukari. Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kuoza kuanzia kidole, na madaktari wa Kisumu walikuwa wamepanga kuukata Jumanne, tarehe ishirini. Mzee alipiga simu mwenyewe.

"Mguu ni wao Jumanne," alisema. "Jumamosi bado ni wangu. Njoo nikupeleke."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya Fabian: Ijumaa ndege, Jumamosi boma, Jumanne kisu.

Jumapili asubuhi wakubwa waliingia ukumbini, wakatazama, wakatoka. Bendera hazikuwapo, kwa kuwa upande mmoja hauitambui ya mwingine. Maua yalikuwa meupe matupu, kwa kuwa kila rangi nyingine ilikuwa ya bendera ya mtu. Vibao vya majina ya nchi viliondolewa. Wafanyakazi wakaishia kuwaita Watu wa Dirisha na Watu wa Mlango, kulingana na walikoketi, na hata hilo halikudumu, maana adhuhuri walibadilishana viti ili pasiwe na wa kumiliki dirisha. Majina yakabaki ya siku ya kwanza. Lakini asubuhi ile shida haikuwa jina. Msaidizi mmoja wa Watu wa Mlango, kijana mwenye suti ya kubana, alikuwa ametoa rula mfukoni na kugundua kwamba meza haikuwa katikati ya ukumbi. Ilikuwa imewaegemea wao. Yaani wenzao wamepewa nafasi kubwa zaidi ya kupumulia.

Walileta mashine ya kupimia ya mwanga mwekundu. Watu wa Dirisha wakasema mashine ni ya nani. Wakaleta utepe wa chuma. Watu wa Mlango wakasema huo utepe umeanzia kwenye ukuta au kwenye zulia la ukuta. Ikafika saa tano, kahawa imepoa mara tatu, mpatanishi amekaa peke yake kwenye meza kubwa kama mtu aliyesusiwa harusi.

Ndipo Fabian, ambaye hakuwa na haja ya amani ila alikuwa na haja ya Ijumaa, akaenda stoo akarudi na uzi.

Baba yake alikuwa fundi wa nyumba kabla ya sukari. Hakujua kusoma futi. Alichojua ni kunyoosha kamba ya katani ukuta hadi ukuta, kuikunja ncha kwa ncha, na pale ilipokunjika ndipo katikati, hakuna namba, hakuna wa kubisha. Fabian alimpa kijana wa suti ncha moja ashike ukutani, na binti mmoja wa Watu wa Dirisha ncha nyingine. Walishika. Ukumbi mzima ukanyamaza kuwatazama watu wa pande mbili wameshika uzi mmoja. Mpiga picha wa hoteli alipiga, wakamwambia afute.

Fabian akakunja uzi, akatia alama kwa chaki, meza ikasukumwa, kila mtu akakaa.

"Hongera, shemeji," Nyaboke alimnong'oneza jikoni. Wakisii na Wajaluo wameoana mno hata kila mmoja ni shemeji wa mwenzake bila kuulizana. "Umefanya kazi ya wakubwa. Sasa ngoja uone."

"Nione nini, Mama Tiffany?"

"Mimi nimezaa mapacha. Ukishawahi kuwagawia maandazi yakatoshana, hawakubali tena kugawiwa na baba yao."

Ikawa hivyo. Jumatano mazungumzo hayakwisha. Yalikuwa hayajafika hata kwenye waya wa miiba, walikuwa bado wanajadili utaratibu wa kujadili. Kati ya vifungu kumi na tisa vya utaratibu huo walikuwa wamekubaliana kimoja tu, cha pili, na walikitia sahihi wote, na mpatanishi alikisoma kwa sauti ya kutetemeka kwa furaha: kwamba ukumbi utapangwa kila asubuhi na kila adhuhuri na yule mtu mwenye uzi, na si mtu mwingine.

Mudir alimwita ofisini. Alimpa kiti, na hapo Fabian akajua mambo yameharibika.

"Fabian, habibi. Wameongeza siku."

"Ngapi, mudir?"

"Mpaka watakapomaliza."

"Likizo yangu je?"

Mudir alifungua mikono. "Mimi nitafanya nini? Uko kwenye mkataba wao. Mimi mwenyewe simo."

Fabian alieleza habari ya baba na mguu. Mudir alisikiliza, na si kwamba alikuwa mtu mbaya, machozi yalimlengalenga kweli. Akasema hata yeye ana baba, kule milimani. Kisha akasema kafili hawezi kutoa kibali cha mtu ambaye serikali nzima inamtazamia asubuhi na uzi.

Wakafikiria mtu mwingine. Ronnie, Mganda wa zamu ya adhuhuri, kijana makini, alifundishwa uzi kwa nusu saa, akaupima ukumbi barabara kabisa. Watu wa Mlango walipomwona tu wakauliza huyu ametoka wapi. Watu wa Dirisha wakasema walimwona jana akiongea na dereva wa wale. Ronnie akarudishwa jikoni amefura. "Mimi hata sikijui hicho kisiwa chenyewe," alisema. "Na dereva nilimwomba kiberiti tu, ssebo."

Alhamisi, Fabian alimvizia mpatanishi mwenyewe kwenye korido. Alikuwa mzee mmoja mrefu wa nchi za baridi, mwenye mifuko chini ya macho iliyotosha kubebea maembe. Alikuwa amepatanisha watu katika nchi sita na alikuwa na uso wa mtu ambaye katika nchi zote sita hakualikwa karamu. Alisimama. Alisikiliza kila neno. Aliuliza tarehe ya kukatwa mguu akaiandika, akauliza jogoo ni wa nini akaandika.

"Nitalifikisha kwa pande zote mbili," alisema, na kumshika Fabian bega. Mkono wake ulikuwa na joto.

Alilifikisha. Nyaboke alikuwa ndani akimimina kahawa, akatoka mara tatu kutoa habari kama redio.

Mara ya kwanza: "Wamekubali kukuzungumzia. Umeingia kwenye ajenda, shemeji. Umetangulia mambo ya wakimbizi."

Mara ya pili: "Watu wa Dirisha wanasema wao hawana neno, uende ukazike."

"Simziki mtu. Naenda kujenga."

"Mwambie mwenye kutafsiri. Wanasema uende, ikiwa Watu wa Mlango watakubali kwanza."

Mara ya tatu alikawia. Aliweka trei chini, akajifuta mikono kwenye aproni. "Watu wa Mlango wanauliza kwa nini wenzao wamekubali upesi hivyo. Wanataka kujua kuna nini ndani yake. Wamesema wako tayari kukuachilia, lakini wenzao nao waachilie kitu."

"Kitu gani?"

"Bandari, nadhani. Au kisima. Sikusikia vizuri, kulikuwa na mashine ya barafu."

Walimzungumzia kwa dakika arobaini. Mwisho wakaandika kwamba pande zote zinatambua kwa moyo wa huruma hali ya mtu mwenye uzi, na kwamba jambo lake litaangaliwa tena kikao kijacho. Mpatanishi alitoka akampa nakala. Ilikuwa na mhuri. Fabian aliisoma katika basi la wafanyakazi njia nzima hadi mtaa wa Najma alikolala, akaisoma tena akipanda ngazi, na kila mara ilikuwa inasema kitu kile kile, kwamba watu wazima thelathini wamemhurumia.

Ijumaa ndege iliondoka. Jumamosi Rael, mke wake, alipiga simu asubuhi. Mama wakwe walikuwa wameshapika. Fundi wa mabati alikuja, akanywa chai, akaenda zake. Jogoo amerudishwa kwenye kitunga. "Sikulaumu," Rael alisema, kwa sauti ya mtu anayelaumu. "Nauliza tu, hawa watu hawana kwao?"

"Ndilo hasa wanalogombania."

"Basi wapewe. Sisi tumewakosea nini?"

Jumapili Fabian akaamua kuharibu. Kama ni uaminifu wa uzi uliomfunga, basi uzi ukose. Aliingia mapema, akapima vizuri, kisha akasukuma meza vidole vinne kuelekea mlangoni. Vidole vinne vizima, mtoto angeona. Alisimama kando ya ukuta mikono nyuma, akingoja kijana wa suti atoe rula. Wangepiga kelele, wangemfukuza, na mtu aliyefukuzwa usiku huo huo hupelekwa uwanja wa ndege bila kuombwa. Alikuwa ameshazikunja nguo zake kwenye mkoba.

Kijana wa suti aliingia. Alimwona Fabian, akainamisha kichwa kumsalimu kwa heshima, akakaa. Rula haikutoka. Watu wa Dirisha wakaingia, wakakaa. Hawakuwa wakipima tena. Kwa nini wapime, na mtu mwenye uzi ameshapima? Walizungumza siku nzima kwenye meza iliyopinda, na mpatanishi alisema ndicho kikao kizuri kupita vyote. Adhuhuri Fabian akaiongeza vidole sita. Mama mmoja wa Watu wa Mlango, mzee wa nywele nyeupe ambaye alikuwa na nyumba upande wa pili wa waya na hakuwa ameiona tangu usichana, alimwita pembeni akampa peremende kutoka mkobani mwake.

"Wewe tu ndiye hutudanganyi," alimwambia kwa Kiingereza cha shida.

Fabian aliishika ile peremende. Jumatatu akairudisha meza katikati, maana haya ilimzidi.

Jumatatu hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, yuko ukumbini na chaki mkononi, simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya baba. Saa za Doha na za Seme ni mamoja, kwa hiyo alijua huko nako ni saa mbili na jua linapanda. Alisikia pumzi kwanza.

"Niko pale," baba alisema.

"Pale wapi, baba?"

"Kwenye kiwanja chako. Nimetembea."

Fabian alikaa kwenye kiti cha mkubwa mmoja, jambo lililokatazwa. "Na nani?"

"Peke yangu. Usijali, najua haihesabiki. Wewe huna shoka, mkeo hana moto, yuko nyumbani ananitafuta. Sikuja kukujengea. Nilitaka kujua kama ningefika." Akapumua. "Ni mbali kuliko nilivyodhani. Kutoka langoni hatua mia tatu na kumi. Zamani ningesema mia mbili."

"Baba, kaa chini. Nampigia Laban aje na pikipiki."

"Nimeshakaa. Kuna kichuguu hapa kizuri." Akapumua tena. Fabian alisikia ng'ombe wa mtu. "Mlango uelekeze chini kwenye mto. Ukielekeza juu, mvua yote itaingia ndani."

"Nitaelekeza chini."

"Sawa. Hao watu wako wamefika wapi?"

Fabian akatazama meza, maua meupe, glasi zilizopangwa. "Wanajadili nani aingie kwanza."

"Mm," baba alisema. Si cheko wala si pole. "Wana miguu lakini."

Wakubwa wakaanza kuingia na simu ikabidi izimwe.

Jumanne mguu ulikatwa. Jumatano Fabian alipima ukumbi asubuhi na adhuhuri. Alhamisi, siku ya kumi na mbili, pande zote mbili zilisimama mbele ya kamera na kutangaza kwamba zimepiga hatua. Hatua yenyewe ilikuwa kukubaliana kukutana tena mwezi wa kumi na moja. Waya haukuguswa. Yule mama wa nywele nyeupe alilia, na wasiojua walidhani ni furaha. Kisha mabasi meusi yakaja, mawili, yakaondoka kwa dakika ile ile moja kwa njia mbili, na ukumbi ukabaki na makombo.

Mudir alikuja mwenyewe, mbio, na kibali cha kutoka nchini mkononi. Alikuwa amekipigania, jasho limemtoka kwenye shati. "Siku saba, habibi. Kuanzia kesho. Nenda."

Fabian alimshukuru. Alikwenda nyuma ya jiko, penye mapipa na kivuli kidogo, akapiga simu hospitali. Rael alipokea, akampa mzee.

"Baba, nimepata. Nafika Jumamosi."

"Karibu nyumbani."

"Nilikuwa nawaza, tukupate gari, au kiti kile cha magurudumu. Tukufikishe pale polepole."

"Hapana."

"Watu wanne wakubebe, basi. Vijana wapo."

"Mimi nikupeleke nimebebwa kama gunia la mahindi? Hapana. Anayetangulia hutangulia kwa mguu wake."

"Basi ami atupeleke. Ami Owuor yuko na nguvu."

Mzee hakukasirika. Alikuwa mpole, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Ami humpeleka mtoto ambaye baba yake yuko kaburini. Mimi nimekufa?"

"Hapana, baba."

"Basi."

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui," mzee alisema. "Nilifikiri nyinyi huko mnajua. Si ndiko watu wanakopelekwa wakishindwana?"

Nyaboke alitoka na ndoo ya makapi. Alimtazama usoni, akafungua mdomo kama mtu mwenye neno la kuchekesha tayari ulimini, akaufunga. Akaiweka ndoo chini, akakaa kando yake kwenye kreti la soda. Kwa Nyaboke hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Simu ikalia tena. Ilikuwa Laban.

"Kaka, nimesikia alichosema."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi na wewe tunakaa tu."

"Ndivyo ilivyo."

Laban alikohoa. Nyuma yake palikuwa na kelele za kina mama wa wadi na mlio wa sufuria. "Nilikuwa nataka kukwambia, zile nguzo zangu, mchwa wameanza."

"Zipake oili chafu," Fabian alisema.

"Nimezipaka, kaka. Mara mbili."